Maji, Feni na Vumbi la Ng'ambo

Msomaji wa Unguja asikiapo jina la Ng'ambo, mawazo yake huvuka Darajani na kuingia katika mitaa iliyokulia upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Hana kosa. Lakini jina hilo halina mwenyewe mmoja. Iko Ng'ambo nyingine katika mji wa Tabora, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya reli, mahali pasipo bahari wala pwani, ila miembe, mchanga, na njia ya kale ambayo misafara iliikanyaga hata ikawa ngumu kama sakafu. Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kujenga nyumba na kutulia, na Kiswahili kikizungumzwa barazani. Kwa hiyo mtu wa visiwani anayefika Tabora leo na kuambiwa, "Twende Ng'ambo," asishangae. Ni neno la kwao.

Katika Ng'ambo hiyo yumo kijana ambaye kazi yake ni kuhamisha kanda. Huletewa kanda za video za arusi za miaka ya 1990, kaseti za maulidi, na mara mojamoja kaseti ya marehemu aliyekuwa akighani utenzi mbele ya wajukuu, mwenyewe hana habari kwamba kuna kinasa sauti juu ya kabati. Kanda ni kitu kinachokufa. Unga wa sumaku ulioshikilia sauti hupukutika kidogo kila ichezwapo, na kanda iliyokaa miaka thelathini katika sanduku chini ya paa la bati huenda ikakubali kuchezwa mara mbili au tatu tu kabla haijanyamaza. Mwenye kuhamisha hana budi kuipata ile mara ya kwanza.

Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, haina njia ya mkato. Kisha huja kazi ya kusafisha, kuondoa mikwaruzo ya sauti na mvua ya picha, na kazi hiyo kompyuta huifanya kwa hesabu nzito usiku kucha, prosesa na kadi ya picha zikihema pamoja. Mambo huwa salama mwezi wa Juni na Julai, ambapo usiku wa Tabora hushuka hadi karibu nyuzi 15. Mwezi wa Oktoba mambo hugeuka. Mchana hufika nyuzi 32 hivi, mvua bado, vumbi limesimama hewani, na mashine iliyokuwa mpole katika kipupwe huanza kuunguruma. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na joto likizidi hapo hujizima. Ikizima wakati wa kusafisha, kazi hurudiwa. Ikizima wakati kanda inacheza, unga umekwisha kupukutika na hakuna kilichohifadhiwa.

Ndipo kijana alipokata shauri kuipoza mashine yake kwa maji.

Jambo hilo si geni duniani. Mwaka 1985 kompyuta kubwa ya Cray-2 ilitumbukizwa nzima katika kiowevu kisichopitisha umeme, ikawa kama samaki ndani ya tangi. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza kompyuta ya mezani, Power Mac G5, iliyokuwa na maji yakizunguka ndani yake. Siku hizi kifaa hicho huuzwa kimefungwa tayari: kibati cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, pampu ndogo, mipira miwili, na rejeta nyembamba yenye feni zake. Dereva yeyote wa lori aliyewahi kusimama na boneti wazi katika barabara ya Nzega ataitambua mara moja.

Hata hivyo neno "maji" lina udanganyifu wake, na udanganyifu huo hutoka katika mtungi. Kila mtu aliyelelewa pwani au bara anajua kwamba maji ya mtungi huwa baridi kuliko hewa ya chumbani. Mtungi huvuja jasho, jasho hukauka, na kukauka kwake huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hivyo mtu akisikia kwamba mashine fulani inapozwa kwa maji, moyo wake humwonyesha mtungi ulioinamishwa juu ya prosesa. Sivyo. Maji ya kompyuta yamefungwa kabisa ndani ya mipira. Hayatoi jasho, hayakauki, na kwa sababu hiyo hayawezi hata siku moja kuwa baridi kuliko hewa ya chumba yalimo. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hiyo ndiyo sakafu, na hakuna feni duniani iwezayo kuitoboa.

Basi maji hufanya kazi gani? Hubeba. Na katika Tabora, mji wa Wanyamwezi, ni vigumu kulieleza jambo hili bila kumtaja mpagazi. Wanyamwezi ndio waliokuwa wachukuzi mashuhuri wa njia ile. Mtu alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, na safari ya kutoka pwani hadi Unyanyembe ilichukua miezi mitatu au zaidi. (Walikuwamo pia katika njia hiyo hiyo watu waliotembezwa kwa minyororo, na haifai kuutaja mzigo bila kuwataja wao.) Joto huzaliwa mahali padogo mno, juu ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba kwa mapana. Hewa ni mchukuzi dhaifu, haiwezi kulipokea lote hapo kwa upesi unaotakiwa. Maji yana nguvu: ujazo mmoja wa maji huchukua joto zaidi ya mara 3,000 ya ujazo huohuo wa hewa kwa kila nyuzi moja inayopanda. Maji hulipokea joto hapo finyu, hulipeleka mpaka kwenye rejeta iliyotandazwa, na hapo hulitua.

Hulitua kwa nani? Hapo ndipo wengi wanaponunua vifaa vya maji husahau. Mzigo ukifika na asiwepo wa kuupokea, mchukuzi hurudi nao. Rejeta isiyopitiwa na hewa mpya humrudishia prosesa maji ya moto yaleyale, na baada ya nusu saa hivi, maji yote yanapokuwa yamekwisha kupata joto, mashine hulalamika kama ilivyolalamika kabla ya kununuliwa kifaa. Nusu saa hiyo ndiyo inayowahadaa watu. Mtu huwasha, huona kipimo kiko chini, hufurahi, huondoka, kumbe maji yalikuwa yakijaza tu ghala lao.

Kijana alikuwa na kasha lenye nafasi za feni mbele, juu na nyuma, na rejeta ya feni mbili. Swali lilikuwa aiweke wapi. Akiiweka mbele, inavuta hewa mbichi ya chumba, na prosesa inapata raha kuliko viungo vyote. Lakini hewa ile ikishapita katika rejeta imebeba joto, na joto hilo humwagwa ndani ya kasha, likaangukia kadi ya picha, ambayo haina maji wala mpira bali feni zake ndogo tu. Akiiweka juu, ikisukuma hewa kwenda nje, kadi ya picha huvuta hewa safi itokayo mbele, kisha joto lake hupanda na kupitia rejetani, na prosesa hulipa gharama ya nyuzi chache. Hakuna mahali ambapo wote wawili hupata haki sawa. Ni lazima mmoja avute hewa iliyotumiwa na mwenzake.

Watu hupenda kusema kwamba rejeta ikae juu kwa sababu hewa moto hupanda. Ni kweli hewa moto hupanda, lakini ndani ya kasha lenye feni sita kupanda huko ni kama mtumbwi mbele ya meli. Feni huipeleka hewa zitakako. Sababu iliyo bora ni ile ya kadi. Katika kazi ya kusafisha picha kadi ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko prosesa, na kila wati ya umeme huishia kuwa joto. Mwenye mzigo mkubwa na wachukuzi wachache apewe hewa ya kwanza. Prosesa, yenye maji ya kuistahi, inaweza kungoja. Juu pana faida nyingine pia: povu lolote lililomo katika maji hupanda na kukaa rejetani badala ya kukusanyika ndani ya pampu na kuifanya ikwaruze.

Kwa hiyo rejeta ikakaa juu, feni zake zikitoa. Mbele zikakaa feni tatu zikiingiza. Nyuma kijana akatia feni moja yenye nguvu, ikitoa nayo, kwa mawazo kwamba mlango wa kutokea hauwezi kuwa mpana kupita kiasi. Mbele akatia kichujio cha kitambaa kizito, kwa kuwa analijua vumbi la mji wake.

Siku chache baadaye akapita mzee mmoja mwashi, aliyezijenga na kuzipiga lipu nyumba nyingi za mtaa ule, kufuata kaseti yake ya maulidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hii nyumba yako ya bati inavuma. Nani kaijenga?"

Kijana akamweleza: huku hewa inaingia, huku inatoka. Mzee akaweka kiganja mbele ya kasha, akakiweka nyuma, akakizungusha ubavuni.

"Wanaotoka ni wengi kuliko wanaoingia," akasema. "Na hao waliozidi, unadhani wameingilia wapi?"

Mzee hakuwa akisema mafumbo. Mwashi anajua kwamba chumba chenye dirisha dogo upande wa upepo na dirisha kubwa upande wa pili huvuta hewa katika kila ufa, chini ya mlango, katikati ya bati na ukuta. Kijana akaazima kijiti cha udi kwa bibi yake, akakiwasha, akakisogeza kwenye nyufa za kasha moja baada ya nyingine. Mbele moshi uliingia kwa ustaarabu kupitia kichujio. Lakini nyuma, penye vipenyo vya kadi, ambapo hapakuwa na feni wala kichujio, moshi ulinyonywa ndani kwa kasi. Ubavuni vilevile. Feni za kutoa zilikuwa zikidai hewa zaidi ya ile iliyoweza kupita katika kitambaa kizito, na kasha likaitafuta popote ilipopatikana, pamoja na vumbi lake. Bibi akauliza kutoka uani kama kuna mgeni, maana udi hauwashwi bure. Akajibiwa kwamba hapana mgeni, bibi, ni upepo unapimwa.

Kipimo hiki cha moshi kinastahili kukumbukwa na kila mwenye mashine, kwa kuwa idadi ya feni haisemi kitu. Feni tatu nyuma ya kichujio kizito zaweza kuingiza kidogo kuliko feni moja iliyo wazi. Kuna feni zilizoundwa kusukuma hewa mahali peupe, zenye mabapa membamba, na ziko zilizoundwa kuisukuma hewa dhidi ya kizuizi, mabapa yake mapana na yaliyokaribiana. Hizi ndizo zifaazo kukaa mbele ya kitambaa au juu ya rejeta. Kijana akazihamishia mbele zile za mabapa mapana, akaipunguza mwendo feni ya nyuma hata ikawa inazunguka kwa adabu tu, akabadili kitambaa kizito kwa wavu mwembamba zaidi unaotoka kwa urahisi. Alipowasha tena kijiti, moshi wa nyuma ulisukumwa nje. Sasa hewa iliyozidi ilikuwa ikitoka katika nyufa badala ya kuingia, na vumbi likabaki na mlango mmoja tu, wenye bawabu.

Nyumba za kale za njia ile zilikuwa na hesabu yao nyingine. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ambamo Livingstone alikaa tangu Februari hadi Agosti 1872, sehemu kubwa ya muda huo akiwangoja wapagazi watakaotumwa kutoka pwani, lina kuta nene za udongo na vyumba vilivyoelekea uani. Ukuta mnene hufanya kazi ya maji katika mipira: hulichelewesha joto. Jua la mchana huanza kuupasha, na kabla halijapenya hadi ndani, usiku umekwisha kuingia na baridi yake. Ni ubingwa ulioutegemea usiku. Wakati huohuo nyumba za pwani zilitegemea upepo, na mtu wa Unguja aliyejenga kwa kutazama kaskazi na kusi angeliona tembe kuwa limeziba pumzi. Kasha la kijana linahitaji hekima zote mbili, maji ya kuchelewesha na upepo wa kuondoa, lakini likinyimwa upepo, hekima ya tembe haifai kitu, kwa sababu kadi ya picha haina usiku. Inafanya kazi saa ileile ambayo ukuta ungekuwa unapumzika.

Lipo jambo jingine ambalo mtu wa kisiwani hatalikuta kwake. Tabora iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya nane ukiilinganisha na hewa ya Forodhani. Feni ya Tabora ikizunguka mizunguko ileile huzoa ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa pungufu ya kubebea joto. Vipimo vinavyochapishwa katika makaratasi ya kiwandani havikupimwa kwa hewa hiyo. Kwa hiyo anayepanga feni zake Tabora aongeze kidogo juu ya anachoambiwa, na anayepanga Unguja ashukuru, ingawa yeye ana chumvi na unyevu vya kumwandama.

Baada ya yote hayo, mashine ikaendelea kupata joto mchana. Lilikuwa pungufu kuliko zamani, lakini lilipanda polepole kuanzia saa nane, na hapo kijana akatambua kwamba alikuwa amepanga hewa ya kasha dogo na kulisahau lile kubwa. Chumba nacho ni kasha. Mashine inayokula wati mia tatu na kitu katika chumba kilichofungwa dirisha kwa sababu ya vumbi ni sawasawa na pasi ya umeme iliyoachwa kwenye moto mdogo tangu asubuhi. Hewa iliyotolewa kwa juhudi kupitia rejetani iligonga ukuta, ikazunguka meza, ikarudi kuingia mbele. Yale maji yalikuwa yakifanya kazi yao kwa uaminifu. Sakafu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipanda, kutoka nyuzi 32 hadi 35, na kila kitu kikapanda nayo.

Mzee mwashi akaitwa, safari hii kwa malipo. Akatoboa matundu chini ya ukuta wa upande wenye kivuli cha mwembe, akayafunika kwa wavu, na mengine juu ya ukuta wa pili, karibu na dari. Chumbani, tofauti na kasha, hakuna feni sita za kuamrisha, na hewa moto ina uhuru wa kupanda kwa mwendo wake. Meza ikasogezwa, mgongo wa mashine ukaelekea matundu ya juu na uso wake ukaelekea kivuli. Gharama ya kutoboa ukuta ilikuwa ndogo kuliko bei ya feni moja nzuri, jambo ambalo wauzaji wa feni hawana sababu ya kulitangaza.

Wavu wa mbele hutolewa kila Ijumaa kabla ya sala, hukung'utwa uani, huoshwa, na hurudishwa ukiwa mkavu. Wiki za Oktoba hutoka na rangi ya udongo wa Tabora. Kaseti ya maulidi ya yule mzee ilichezwa usiku, feni zikiwa zimepunguzwa mwendo kwa kuwa hewa ya usiku ilitosha, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikika mluzi wa kanda yenyewe. Upande wa kwanza ulitoka wote. Katika upande wa pili sauti ilififia mahali fulani kwa muda wa beti mbili, unga ukiwa umekwisha kupukutika miaka mingi kabla, kisha ikarudi, na waitikiaji wakasikika wakiitikia pale walipoachia.